Kutabiri joto na ngurumo za alasiri mjini Kisumu: somo la hatua kwa hatua

Watu wengi wa Kisumu wanaotaka kujua hali ya hewa hufungua simu asubuhi, wakaona picha ya wingu lenye umeme na asilimia 60 chini yake, na kesho yake wakaiona picha ile ile, hadi wakaacha kuiamini. Kosa si la simu peke yake, kwani swali lenyewe limeulizwa vibaya. Katika mji uliokaa kwenye ncha ya Ghuba ya Winam, ziwa likiwa magharibi na ukuta wa milima ya Nandi kaskazini mashariki, swali la kuanzia si kama mvua itanyesha, bali ni saa ngapi upepo wa ziwa utaingia, na utakutana wapi na upepo unaotoka mashariki. Ukilijibu hilo, umeshajibu sehemu kubwa ya joto la mchana na ya ngurumo za jioni.

Sisi hatuna kiangazi cha Ulaya chenye miezi yake mitatu. Ikweta inapita Maseno, hatua chache kaskazini yetu, na jua halituachi mbali mwaka mzima. Joto kali huja Januari hadi katikati ya Machi, kabla masika hayajashika. Ngurumo huzidi kuanzia Machi hadi Mei na tena wakati wa vuli, ingawa magharibi mwa Kenya hapakauki kabisa hata Julai na Agosti. Kipindi kinachomtoa mtabiri jasho ni zile wiki za mpito, mwishoni mwa Februari na Machi, ambapo joto na ngurumo hukaa nyumba moja.

Hatua ya kwanza: rekebisha saa na kimo

Ramani za hali ya hewa huandikwa kwa saa ya dunia (UTC), na sisi tuko saa tatu mbele yake. Ramani ya 00 ni ya saa tisa usiku wetu, ya 06 ni saa tatu asubuhi, na ya 12 ni saa tisa alasiri. Anayesahau jambo hili atadhani ngurumo zinakuja adhuhuri, na jua litamcheka.

Kimo ndicho kinachowapoteza wengi zaidi. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo halisi ya hewa hapa (uzito wa hewa unaotukandamiza, ambao hupungua kadiri unavyopanda juu) ni karibu hektopaskali 887. Ramani ya upepo ya hektopaskali 925, ambayo wanafunzi huipenda kwa sababu masomo mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wa nchi za tambarare, inaonyesha upepo wa kimo cha kama mita 760. Kwetu huo ni upepo wa chini ya ardhi, ambao kompyuta imeubuni ili ramani isibaki na tundu. Tumia ya 850, iliyo mita mia chache tu juu ya paa lako, na ya 700, iliyo karibu mita 3,100 juu ya bahari.

Hatua ya pili: pima nguvu ya upepo wa mashariki

Fungua ramani ya 700 ya asubuhi, uangalie upepo juu ya Nandi na Kericho. Hapa kuna sura tatu, na inafaa uzijue kama unavyojua sura za majirani.

Upepo wa mashariki ukiwa mkali na mkavu, kama unavyokuwa mara nyingi Januari wakati kaskazi inatawala, upepo wa ziwa huzuiwa mlangoni. Unachelewa kuingia, mji unachomeka, na mawingu yakijaribu kuinuka hukatwa vichwa. Ukiwa wa wastani na wenye unyevu, mambo hubadilika: ngurumo huzaliwa mchana kwenye ngazi ya milima ya Nandi, kisha upepo huo wa juu huzisukuma kuelekea magharibi, zikateremka juu ya Kibos na Mamboleo hadi mjini kati ya saa kumi na saa moja jioni. Hiyo ndiyo mvua ambayo mgeni huishangaa, kwa sababu upepo wa chini unampiga usoni kutoka ziwani huku wingu likimjia kwa mgongoni.

Sura ya tatu ni upepo kugeuka na kutoka magharibi, ukileta hewa nyevu ya bonde la Kongo. Siku hizo joto hupungua kwa sababu ya mawingu, na mvua huenea. Hutokea zaidi wakati lile wimbi kubwa la mawingu linalozunguka tropiki kwa siku 30 hadi 60, ambalo wataalamu huliita MJO, linapokuwa katika awamu ya 3 na ya 4, na pia kimbunga kinapokaa mashariki ya Madagaska. Machi 2018 vimbunga Dumazile na Eliakim vilikuwa upande huo, na Kenya ikapata mvua nyingi mno. Machi 2019 kimbunga Idai kilikuwa upande wa Msumbiji, na masika yetu yakachelewa. Kwa hiyo mtabiri wa Kisumu ana sababu ya kuchungulia Bahari ya Hindi, hata kama jirani zake watamwona amepotea njia.

Hatua ya tatu: tafuta unyevu, usidanganywe na nishati

Uwanja wa ndege wa Kisumu hutoa ripoti ya hali ya hewa yenye alama ya HKKI, na mtu yeyote anaweza kuisoma mtandaoni. Tuseme ndani yake umeona 24010KT na 31/16. Kundi la kwanza linasema upepo unatoka nyuzi 240, yaani kusini magharibi, ziwani, kwa kasi ya fundo 10, yaani kama kilomita 18 na nusu kwa saa. La pili linasema joto ni nyuzi 31 na kiwango cha umande ni 16. Kiwango cha umande ni joto ambalo hewa ikipozwa hadi hapo mvuke wake huanza kugeuka matone. Toa 16 kwenye 31, upate 15, zidisha kwa 125: kitako cha wingu litakalozaliwa kitakuwa karibu mita 1,900 juu ya ardhi. Kitako kikiwa juu hivyo, matone mengi hukauka njiani na unachopata ni vumbi na upepo. Kiwango cha umande kikifika 18 au 19 kufikia saa sita, mimi huanza kuuliza nguo zilizoanikwa ziko wapi.

Kuna kipimo kingine ambacho ramani hukiandika CAPE, kinachoonyesha nishati ya hewa kupaa, kwa jouli kwa kila kilo. Wanaoanza hukipenda kwa rangi zake nyekundu. Mwezi mmoja wa Februari nilikiona kimepita 2,000 juu ya tambarare ya Kano, nikawaambia akina mama wanaoanika omena (dagaa) karibu na Dunga wasithubutu kuzimwaga mkekani. Jua likawaka hadi magharibi, bila hata wingu la kufunika kuku. Nilikuwa sikuangalia hewa ya kimo cha 700, ambayo siku hiyo ilikuwa kavu kabisa na inakimbia kutoka mashariki, ikila kila wingu lililochomoza. Mmoja wao aliniuliza, kwa upole uliouma, kama mashine yangu inalipwa mshahara.

Hatua ya nne: kadiria saa ya upepo wa ziwa, ndipo uandike joto

Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo hutoka bara kwenda ziwani. Jua likipanda, nchi kavu huzidi maji kwa joto, hewa yake huinuka, na ya ziwani huingia kujaza nafasi. Joto la juu kabisa la mjini kwa kawaida hufikiwa muda mfupi kabla ya upepo huo kushika. Ukiingia saa tano, kipimajoto hukwama mapema. Ukichelewa hadi saa nane, ongeza nyuzi mbili au tatu. Kwa wakazi wa Ahero, Miwani na Muhoroni, upepo huo huwafikia ukiwa umechelewa na kuchoka, ndiyo maana utabiri wa ufukweni haufai kuhamishiwa huko bila marekebisho.

Usiandike joto peke yake, kwa kuwa mwili huhisi pia unyevu. Nyuzi 32 zikiwa na unyevu wa asilimia 40 huhisiwa kama nyuzi 33 hivi. Nyuzi hizo hizo zikiwa na asilimia 60 huhisiwa kama karibu 37, kwa sababu jasho halikauki. Kwa mtu anayebeba mizigo soko la Kibuye, tofauti hiyo ina uzito kuliko nyuzi zenyewe.

Hatua ya tano: toka nje utazame milima

Kuanzia saa nne angalia Nandi. Mawingu madogo yaliyotandazwa kama pamba hayana neno. Yakianza kusimama wima kabla ya saa sita, kingo zake zikiwa kali kama koliflawa, siku ina habari. Kichwa cha wingu kikipoteza kingo zake na kutanuka juu kama fuawe la mhunzi, wingu hilo limeshafika kimo ambako maji hugeuka barafu, na ngurumo zipo tayari. Picha za setilaiti ya Meteosat, zinazotolewa kila baada ya dakika 10 hadi 15, zitakuonyesha kama fuawe hilo linakua au linachakaa. Linganisha picha mbili mfululizo, upime limesogea kiasi gani, na utajua muda uliobaki. Upepo wa ghafla wenye baridi na harufu ya udongo ukifika, kutabiri kumekwisha. Ingia ndani.

Hatua ya sita ni fupi: andika utabiri kabla ya saa nne asubuhi, wenye saa, mahali na kiasi cha uhakika, na jioni uandike kando yake kilichotokea.

Maswali ya wanachama wanaofuata somo hili

Mwanachama wa Ahero: Mwalimu, simu yangu inasema asilimia 60 kila siku. Je, ina maana gani?

Jibu: Ina maana kwamba kwa hali kama ya siku hiyo, mvua ingetarajiwa mahali hapo katika siku sita kati ya kumi. Haisemi itanyesha kwa muda gani wala kwa nguvu gani. Kumbuka pia kwamba data za mfumo wa Marekani zinazotumiwa bure na programu nyingi zina nukta moja kwa kila kilomita 28 hivi. Kwa upana huo Ghuba ya Winam ni nukta chache tu, na wingu la ngurumo lenye upana wa kilomita tano halina pa kuonekana.

Mvuvi wa Dunga: Shikamoo mwalimu. Sisi tunaingia majini jioni na taa za omena. Haya ya alasiri yanatusaidia nini?

Jibu: Marahaba ndugu yangu. Kwenu saa hugeuka. Usiku upepo wa bara kutoka pande zote za ziwa hukutana juu ya maji, na maji yenyewe yana joto, ndiyo maana ngurumo nyingi za ziwani huja usiku wa manane hadi asubuhi. Kabla ya kusukuma mashua, soma utabiri wa wavuvi unaotolewa na Idara ya Hali ya Hewa, kisha tazama mashariki: ngurumo iliyoteremka mjini jioni si lazima ife, huweza kuwafuata. Ukiona mmweko, hesabu sekunde hadi mngurumo, ugawanye kwa tatu, upate kilomita. Kilomita zikiwa chini ya kumi, muwe mmeshageuka, kwa maana upepo wake hutangulia mvua.

Dada wa Nyalenda: Kipimajoto changu ukutani kilisoma 37, redio ikasema 31. Nani mwongo?

Jibu: Hakuna mwongo, dada. Chako kimepima ukuta na mabati. Joto la hewa hupimwa kivulini, penye upepo, mita 1.25 hadi 2 juu ya ardhi. Lakini 37 yako nayo ni kweli kwa mtoto anayelala chini ya mabati hayo, kwa hiyo usiifute, iandike katika safu yake.

Mwanachama wa Nakuru: Je, niyafuate haya kama yalivyo?

Jibu: Hapana. Nakuru iko karibu mita 1,850, kwa hiyo hata ramani ya 850 kwako iko chini ya ardhi. Anza na ya 700. Ziwa Nakuru ni dogo mno kuendesha upepo kama wa Ziwa Viktoria. Kwenu kazi hiyo inafanywa na miteremko: hewa hupanda mchana kuelekea Mau upande mmoja na Menengai na Bahati upande mwingine, na mawingu huanzia hapo.

Mwanachama wa Kisii: Nyumbani tulikatazwa kuvaa nyekundu na kuacha kioo wazi wakati wa radi. Ni kweli?

Jibu: Radi haichagui rangi wala haijitazami. Hutafuta kilicho kirefu na kilichosimama peke yake, kama mti shambani, au wewe mwenyewe ukiwa uwanja wa mpira. Ingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa, na subiri dakika 30 baada ya mngurumo wa mwisho. Kioo ukitaka kukifunika ili bibi alale kwa amani, kifunike.