Kufunga pampu mpya ya oili kwenye milingi ya zamani

Milingi yangu, yaani mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, ni ya umbo la Bridgeport, muundo maarufu wa Kimarekani, na kazi yake kubwa hapa Kigoma ni kukata mifereji ya kii (kipande cha chuma kinachozuia pangaboi lisizunguke peke yake) kwenye shafti za mapangaboi zinazoletwa kutoka Kibirizi. Mwaka juzi meza ilianza kuwa nzito mkononi. Nikafuta slaidi, yaani njia ambazo meza huteleza juu yake, kwa kitambaa cheupe, kikatoka na unga wa chuma wa kijivu, hakuna hata unyevu wa oili. Pampu ya mkono iliyokuja na mashine ilikuwa imekwisha: pistoni imelika, oili inarudi tangini badala ya kuingia kwenye paipu.

Yako ikiwa hivyo, acha kuitumia leo. Halafu, kabla hujaagiza pampu yoyote, fungua paipu zote uone oili inagawanywa na nini. Hapa ndipo nilipokosea.

Mashine nyingi za zamani za aina hii zina jeti ndogo za kubana. Kila jeti ina mshale unaoonyesha oili inakoelekea, na ina namba. Namba ikipanda, oili inayopita inaongezeka. Jeti hizi hupitisha oili muda wote pampu inaposukuma. Aina ya pili ni vigawio vya pistoni. Kila kigawio kinapima oili yake kidogo, kinaitoa mara moja, kisha kinasubiri presha ishuke kwenye paipu ndipo kijijaze tena. Hivi vinataka pampu yenye vali ya kuachia presha kila inapomaliza kusukuma. Mimi niliagiza vigawio vipya vya pistoni, nikaviunga na pampu isiyoachia presha. Vilitoa oili mara moja tu, nikafurahi, na havikutoa tena. Siku nne nzima nilifanya kazi nikiamini slaidi zinapata oili.

Nilivitoa vyote, nikarudisha jeti za zamani na kutafuta pampu ya mkono ya springi: unavuta mpini, unauachia, springi inasukuma oili taratibu yenyewe. Kwa karakana ndogo naipendekeza hiyo kuliko ya umeme yenye taimu. Ile ya taimu niliyowahi kuijaribu ilikuwa inaanza kusukuma upya kila umeme unaporudi, na siku umeme ukikatika mara tano, sakafu yote ni oili.

Jeti za zamani usizichokonoe kwa waya, maana ndani mna pini iliyopimwa na kivali kinachozuia oili kurudi. Zioshe kwa mafuta ya taa, kisha puliza kwa upande wa kutokea. Hewa ikipita, kivali kimekufa, nunua nyingine yenye namba ileile.

Sasa nyuzi. Pampu niliyoipata ilikuwa na nyuzi za M8, yaani za kipenyo cha milimita 8, za hatua (nafasi kati ya jino na jino) ya milimita 1, na paipu ya milimita 4. Mashine yangu ina nyuzi za inchi 5/16, meno 24 kwa inchi, na paipu ya inchi 5/32. Paipu hazina ugomvi, maana inchi 5/32 ni milimita 3.97. Nyuzi ndizo zinazodanganya. Inchi 5/16 ni milimita 7.94, kwa hiyo nati inaingia vizuri mizunguko miwili mitatu, kisha inabana. Ukilazimisha kwa spana, umeziharibu zote mbili. Kereza adapta ya shaba, M8 upande mmoja na 5/16 upande wa pili. Ni kazi ya chini ya saa moja.

Usitoboe nguzo ya mashine ili ilingane na matundu ya pampu mpya; huenda nyuma yake zimepita nyaya. Kata bamba la unene wa milimita 8, weka humo matundu ya zamani na mapya. Paipu ya kwenda mezani iachie kitanzi kirefu, kisha endesha meza hadi mwisho wa kila upande, na goti (sehemu inayobeba meza) juu na chini, kabla ya kukaza chochote.

Oili iwe ya slaidi, VG 68 (namba ya uzito wa oili). Oili chafu ya magari, hata ukipewa bure, itaziba jeti kwa masizi. Mji huu unajua thamani ya kulainisha vyuma: Wajerumani walipoizamisha meli tunayoiita Liemba mwaka 1916, walipaka injini zake grisi nzito kwanza. Iliibuliwa 1924, na 1927 ikarudi kazini.

Ukishajaza tangi, legeza ncha za paipu moja moja, vuta mpini hadi mapovu yaishe, kaza, nenda inayofuata. Kisha usome mpini. Ukirudi wenyewe taratibu, dakika moja au zaidi, mambo ni sawa. Ukirudi ghafla, paipu imepasuka au hewa bado imo. Ukigoma kurudi, kuna mahali pameziba.

Mimi huvuta asubuhi kabla ya kazi na tena baada ya chakula cha mchana, kila mara nikiendesha meza mwendo wake wote ili oili ienee. Siku tatu za mwanzo kitambaa cheupe kilitoka cheusi, uchafu wa miaka ukisukumwa nje. Siku ya nne kikatoka na rangi ya oili yenyewe, na meza nikaizungusha kwa vidole viwili.