Pilau ya Krismasi kwa watu 20: gawa kazi kuanzia tarehe 21

Kinachochosha siku ya Krismasi ni foleni ya masufuria kwenye moto, wala si wingi wa watu. Nyama haijalainika, kuku anasubiri makaa, vitunguu bado vina maganda, na wageni wameshapiga hodi. Dawa yake ni kuhakikisha asubuhi ya tarehe 25 inabaki na kazi tatu tu za moto: kuchoma kuku, kupika pilau, na kupasha vilivyoiva jana. Kila kitu kingine kina siku yake kabla ya hapo.

Vipimo vya hapa ni vya watu 20, tuseme wakubwa 12 na watoto 8, na chakula kiwe mezani saa 8 mchana, watu wakiwa wametoka ibadani. Vyombo: jiko la gesi la plate mbili, majiko mawili ya mkaa (la pili liazime mapema, maana siku hiyo kila mtu anatumia la kwake), na sufuria yenye mfuniko isiyopungua lita 20. Mlo: pilau ya ng'ombe, kuku wa kuchoma, maharage ya nazi, kachumbari, juisi ya ukwaju na matunda. Mlo huu unatosha. Chapati 40 zinakula saa tatu za mtu mmoja na plate nzima ya gesi. Kama watoto wamezililia, zipikwe tarehe 24, au apewe kazi hiyo ndugu anayeuliza aje na nini.

Tarehe 21: hesabu na jaribio la mchele

Mtu mzima mpimie gramu 150 za mchele mkavu, mtoto gramu 80. Hapo unapata karibu kilo 2 na nusu. Kisha hesabu sahani za majirani, kwa sababu hizi ndizo husahaulika na ndizo humfanya mwenye nyumba akose cha kula. Kwa nyumba tatu ongeza nusu kilo. Jumla ni kilo 3 za mchele, na nyama yenye mifupa kilo 3.

Kama kuna majirani au wageni Waislamu watakaokula, amua sasa nani atachinja kuku. Mwombe Mwislamu achinje, na nyama inunue bucha unalojua linazingatia hilo. Ukisubiri mpaka tarehe 24 utajikuta unaomba radhi mezani.

Siku hiyohiyo pika kikombe kimoja cha mchele utakaoutumia. Uloweke nusu saa, uchuje, uupike kwa kikombe kimoja na nusu cha maji. Mchele mpya hunywa maji kidogo, wa zamani hunywa zaidi, na muuzaji akikuambia "huu ni wa Kyela" bado hujajua umekaa ghalani muda gani. Ukitoka bokoboko, shuka mpaka kikombe kimoja na robo. Ukibaki na kiini, panda mpaka kimoja na robo tatu. Jaribio hili dogo linaokoa kilo tatu.

Tarehe 22: sokoni

Vitunguu na nyanya hupanda bei kadiri sikukuu inavyosogea. Nunua vitunguu maji kilo 2, nyanya kilo 1 na nusu zilizo nusu mbivu ili zifike tarehe 25 zikiwa ngumu kiasi, viazi mviringo kilo 1 na nusu, vitunguu saumu vichwa 6, tangawizi gramu 250, ndimu 12, matango 2, pilipili mbuzi, maharage kilo 1, ukwaju nusu kilo, nazi 3. Matunda yasikuumize kichwa: Desemba ni msimu wa maembe, na nanasi lipo.

Viungo vya pilau nunua vizima, usinunue ile pakiti iliyosagwa tayari, kwa sababu binzari nyembamba ikishasagwa harufu yake haikai. Unahitaji binzari nyembamba vijiko 5 vya chakula, pilipili manga kijiko 1, iliki punje 25, karafuu 20 na mdalasini vijiti 5 vya urefu wa kidole.

Mkaa uingize ndani. Desemba mvua za vuli bado zinaweza kunyesha, na mkaa wenye unyevu unatoa moshi, haushiki vizuri, na unaharibu mpangilio wote wa saa. Hakikisha mtungi wa gesi hauko mwishoni, umeme umenunuliwa, na ndoo za maji zimejaa. Anza kugandisha barafu leo, kwa maji yaliyochemshwa.

Tarehe 23: kinu

Menya na twanga vitunguu saumu vyote pamoja na tangawizi, weka kwenye chombo chenye mfuniko, kisha kwenye friji. Usiache nje. Kaanga binzari nyembamba kwenye kikaango kikavu kwa moto mdogo dakika mbili tatu, mpaka inukie na punje zibadilike rangi kidogo. Ikianza kutoa moshi imeshachelewa na itakuwa chungu. Nusu isage pamoja na pilipili manga, nusu ibaki nzima. Usiku loweka maharage.

Tarehe 24: siku ya kazi yenyewe

Leo ndiyo siku nzito, na ni makusudi.

Anza na nyama asubuhi. Kata vipande vya ukubwa wa yai, chemsha kwa maji lita 6, vijiko 3 vya tangawizi na saumu, na vijiko 2 vya chumvi. Engua povu dakika za mwanzo, punguza moto, iache saa moja na nusu. Iive, lakini isimenyeke. Kesho ina moto mwingine. Supu ibaki karibu lita 5. Usiingize sufuria ya moto kwenye friji, maana itapasha kila kilichomo. Tenga nyama na supu, weka vyombo kwenye beseni la maji baridi, badilisha maji mara mbili, kisha viingie kwenye friji kabla ya saa mbili kupita tangu kutoka motoni. Mafuta yatakayoganda juu ya supu usiyatupe, utayaongeza kwenye mafuta ya kukaangia pilau. Kama huna friji, usilaze nyama iliyochemshwa kwa joto la Desemba: ichemshe tarehe 25 saa 12 asubuhi.

Sasa vitunguu. Rangi ya pilau ya Kiswahili inatoka hapa, si kwenye nyanya wala kwenye rangi ya pakiti. Kata kilo 1 na robo kwa urefu, vyembamba, vyote unene mmoja. Vikitofautiana, vyembamba vitaungua vinene vikiwa bado vyeupe. Pasha mafuta nusu lita kwenye sufuria pana, tia vitunguu, usitie chumvi maana chumvi inavuta maji. Dakika 10 za mwanzo vinachemka tu kwa maji yake, unaweza kuendelea na kazi nyingine. Ukisikia ile sauti ya kuchemka imepungua na kingo zimeanza kuwa za dhahabu, hapo simama pale pale na mwiko mkononi. Kutoka dhahabu mpaka kahawia ni dakika nne au tano; kutoka kahawia mpaka vyeusi ni dakika moja. Viepue vikiwa na rangi ya kahawia nyepesi, kwa sababu mafuta ya moto yataendelea kuvipika nje ya jiko. Vikiwa vyeusi, tupa uanze upya, mafuta na vyote. Uchungu wa kitunguu kilichoungua haufunikwi na kiungo chochote. Vikipoa, viweke kwenye friji pamoja na mafuta yake.

Kuku wanne wa kisasa, kila mmoja kilo 1 na robo hivi, kata vipande vinane vinane. Changanya mtindi nusu lita, vijiko 6 vya tangawizi na saumu, kijiko kimoja cha chumvi kisichojaa kwa kila kuku, na pilipili manga kidogo. Chanja vipande mpaka karibu na mfupa, vipake, vilale kwenye friji. Ndimu usitie leo. Ikilala usiku kucha nyama ya nje inakuwa kama unga. Utakamulia asubuhi. Ukitumia kuku wa kienyeji, wachemshe leo saa moja na zaidi mpaka walainike, la sivyo kesho watakauka juu ya makaa wakiwa bado wagumu.

Chemsha maharage mpaka yaive, yapoze, yaingie kwenye friji bila nazi. Yakishatiwa nazi hayalali. Ukwaju chemsha na maji lita 5 dakika 15, chuja, tia sukari gramu 600, onja. Menya viazi na uviache ndani ya maji. Mwisho kabisa, andika kwenye karatasi nani anafanya nini kesho, jina moja kwa kila kazi. Kazi iliyopewa "wasichana" au "vijana" haina mwenyewe.

Tarehe 25: saa kwa saa

Aliyehudhuria mkesha usiku ndiye abaki na moto asubuhi, wengine waende ibadani.

*Saa 5:00.* Washa jiko la kuku. Subiri makaa yavae majivu meupe. Juu ya miali kuku anaungua ngozi na kubaki na damu kwenye mfupa. Kamulia ndimu 4 kwenye nyama.

*Saa 5:30.* Vipande 16 vya kwanza juu ya wavu, dakika 40, ukigeuza kila dakika 7 au 8. Mapaja na miguu katikati, vidari pembeni. Pima kwa kuchoma kisu pajani karibu na mfupa: maji yatoke meupe. Yenye wekundu, rudisha. Vilivyoiva viingie hotpoti, kamwe si kwenye beseni lililolaza nyama mbichi. Kisha vipande 16 vya pili, na makaa machache ya nyongeza.

*Saa 5:45.* Washa jiko la pilau. Supu ipande kwenye gesi. Maharage kwenye plate ya pili. Tui litatiwa saa 7:15.

*Saa 6:15.* Loweka mchele uliooshwa. Sufuria kubwa motoni, mimina vitunguu na mafuta yake, vikipata moto tia vijiko 6 vya tangawizi na saumu, koroga dakika 3. Tia viungo vyote, vizima na vilivyosagwa, dakika moja. Kisha viazi, na mwisho nyama. Kaanga dakika 10 mpaka viazi vishike rangi.

*Saa 6:35.* Mimina supu inayochemka lita 5. Nusu lita nyingine ya maji ya moto iwe pembeni, uiongeze kulingana na jaribio la tarehe 21. Tia vijiko 4 vya chumvi na uonje: mchuzi uwe umekolea chumvi kupita kidogo ile ya supu ya kunywa, kwa sababu mchele utaigawana.

*Saa 6:45.* Mchuzi ukitokota, tia mchele uliochujwa, pitisha mwiko mara moja toka chini, basi. Moto mkali, bila mfuniko. Baada ya dakika 10 hadi 12 maji yatashuka mpaka usawa wa mchele na utaona vishimo vidogo vinavyopumua. Geuza taratibu toka pembeni kwenda katikati, sawazisha juu, funika.

*Saa 7:00.* Kuku wameisha, na makaa yao sasa yana kazi ya pili: yapalie juu ya mfuniko wa pilau. Chini bakiza makaa machache tu, kiasi cha viganja viwili. Dakika 25 bila kufunua. Ukifunua kila mara, mvuke unaotakiwa kuivisha punje za juu unatoka.

*Saa 7:25.* Toa makaa ya chini, acha ya juu, ipumzike dakika 20. Wakati huo kachumbari inakatwa. Kitunguu chake kioshwe kwa maji ya chumvi na kusuuzwa, lakini chumvi ya kachumbari na ndimu zisubiri saa 7:55, vinginevyo utapakua bakuli la maji ya nyanya.

Ikiharibika

Ukikuta punje za juu zina kiini, nyunyizia maji ya moto glasi moja kwa mkono, funika, makaa juu, dakika 10. Ikiwa na maji, usikoroge hata kidogo, kwa sababu ndiyo unaivuruga. Toa moto wote wa chini, zidisha wa juu, funua kidogo mvuke utoke.

Ukisikia harufu ya kuungua, epua mara moja. Pakua ya juu kwenda chombo kingine bila kugusa chini, na acha kidole kizima cha pilau juu ya ukoko. Anayekwangua "ili isipotee" anasambaza harufu kwenye kilo zote tatu.

Wageni wakichelewa, pilau inastahimili saa moja ndani ya hotpoti au kwenye sufuria iliyofungwa kwa kanga nzito. Kuku pia. Kachumbari usiitie chumvi mpaka uwaone mlangoni.

Sahani za majirani pakua kwanza, kabla ya meza kufunguliwa, wakati vipande vya nyama bado vipo vya kuchagua. Baada ya kula, kilichobaki kisikae mezani mpaka jioni. Pilau itandaze kwenye sinia ipoe haraka, iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na kesho ipashwe mpaka itoe mvuke hadi katikati. Maharage ya nazi yaliyobaki mpe mtu aondoke nayo, ayale usiku huohuo.