Jinsi ya kusoma na kutunza maganda ya zamani ya risasi za marisau za karatasi

Ganda la karatasi la risasi ya marisau, vile vipira vidogo vingi vinavyopigwa kwa pamoja, lina udhaifu wa kuzaliwa nao: karatasi hunywa maji. Tangu miaka ya 1830 hadi 1960, mwaka ambao kampuni ya Kimarekani ya Remington ilileta sokoni ganda la plastiki, mafundi walikuwa wakiuzunguka udhaifu huo na jamaa zake: gesi kuvuja nyuma, karatasi kukatika, mdomo kufura. Kila dawa waliyoipata imeacha alama. Anayezijua alama hizo hulisoma ganda kuanzia kitako hadi mdomo na kukadiria umri wake vizuri zaidi kuliko anayetegemea maandishi ya ubavuni.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, kwa hiyo mengi ya maganda haya yamelala kwenye masanduku na stoo za wazee. Hewa ya Mombasa haiyahurumii, na mara nyingi yanayoharibika kabisa huharibiwa na mtu aliyedhani anayasafisha.

Kwanza hakikisha ni tupu

Maelekezo haya ni ya maganda matupu peke yake. Ganda lililokwisha kupigwa lina mdomo wazi, masizi ndani, na fataki, yaani kiwashio kilicho kitakoni, yenye shimo dogo la pini ya bunduki. Ukiona shimo hilo lakini mdomo bado umefungwa, hiyo ni risasi iliyokataa kulipuka, na baruti yake bado imo. Hiyo ndiyo ya kuogopa kuliko zote, kwa sababu watu huona alama ya kupigwa wakadhani kazi yake imekwisha.

Ganda la pini, yaani lenye kijiti cha shaba kinachochomoza ubavuni karibu na kitako, lina hatari yake. Pini ikiwa bado imechomoza, chukulia kwamba fataki iliyo ndani ni nzima hata kama mdomo uko wazi na hakuna baruti. Likianguka sakafuni kwa upande wa pini, linaweza kulipuka.

Ukikuta risasi nzima, usiitikise kusikiliza marisau, usichokonoe kadi ya mdomoni, usiipake mafuta, usiianike juani. Chini ya Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, kuwa na risasi bila cheti ni kosa. Iache palepale, watoe watoto chumbani, pigia kituo cha polisi waje waichukue wenyewe. Usipande nayo matatu wala feri ya Likoni.

Vifaa

Kalipa, yaani kipimo cha kubana, ya plastiki (ya chuma hukwaruza shaba), rula ya milimita, lenzi ya kukuza mara kumi, tochi ndogo, kijiti cha mianzi kilichokatwa ncha bapa, brashi laini ya rangi, penseli na glavu za nitrili. Glavu si mapambo. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole kwenye shaba huonekana baada ya wiki chache kama doa jeusi lisilotoka.

Geji: pima ukingo, usipime karatasi

Geji ni idadi ya risasi za duara za risasi nyeusi (madini ya ledi), kila moja ikienea mtutu, zinazotoka kwenye ratili moja ya gramu 453.6. Ndiyo maana geji 12 ni kubwa kuliko geji 20. Karatasi iliyofura hudanganya, kwa hiyo kalipa iwekwe kwenye ukingo wa kitako: karibu mm 22.5 ni geji 12, karibu mm 20.6 ni geji 16, karibu mm 19.4 ni geji 20. Usikisie kwa rangi. Desturi ya kuyapa maganda ya geji 20 rangi ya njano ni ya baadaye. Ilikuja kwa sababu risasi ya geji 20 ikitiwa kimakosa kwenye bunduki ya geji 12 huteleza na kukwama mbele kidogo ya chemba, ile nafasi ya risasi nyuma ya mtutu. Mpigaji huona chemba tupu, hutia ya geji 12 nyuma yake, na mtutu hupasuka.

Kitako: hapa ndipo penye habari nyingi

Anza na njia ya kuwashia. Casimir Lefaucheux wa Paris alilitoa ganda la pini miaka ya 1830, na Houllier akaliboresha mwaka 1846 kwa kuliongezea uwezo wa kuzuia gesi. Lilikuwa hatua kubwa: baruti, marisau na fataki vyote kwenye kifurushi kimoja, vikiingia kwa nyuma ya mtutu. Lakini pini ilihitaji tundu kwenye mtutu, gesi ikapenya hapo, na ilibidi mpigaji alielekeze ganda sawasawa kila mara. Tazama pia ukingo: ganda la pini halina ukingo wa maana, maana lilivutwa kwa kushika pini yenyewe. Tahadhari moja tu: maganda ya pini yaliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20 kwa ajili ya wenye bunduki za zamani. Pini inakuambia aina ya bunduki, haikuambii mwaka.

Fataki ya katikati ya kitako ilitoka kwa Wafaransa Pottet na Schneider, na George Daw wa London akaipeleka sokoni Uingereza mwaka 1861. Kuanzia hapo ukingo ukawa mpana, kwa kuwa bunduki ilihitaji mahali pa kulishika ganda na kulitoa.

Sasa weka lenzi juu ya fataki na uhesabu duara. Ukiona duara mbili, yaani fataki na tundu lake, fataki imekaa moja kwa moja kwenye kitako. Ukiona duara tatu, kuna kikombe kidogo chenye ukingo wake kati ya fataki na kitako. Kikombe hicho kilibeba fataki pamoja na fuawe yake, kile kipande kigumu ambacho kemikali hubanwa dhidi yake ili iwake. Faida yake ni hii: ndani ya kitako cha ganda la karatasi kuna karatasi iliyoshindiliwa, na karatasi haiwezi kuishikilia fataki kwa uthabiti kama chuma. Kikombe kikaifanya fataki isitegemee ugumu wa kitako. Kipenyo cha fataki ya aina ya 209, ambayo bado inatumika, ni karibu mm 6.2.

Masizi yanayozunguka fataki kama jua jeusi ni ushahidi wa gesi kuvuja. Yaache. Ni sehemu ya habari za ganda.

Kisha soma mhuri, yaani maandishi yaliyopigwa kwenye kitako. Ganda la Kiingereza lenye herufi I.C.I. (Imperial Chemical Industries) haliwezi kuwa la kabla ya 1926, mwaka ambao kampuni hiyo iliundwa. Jina la mtengenezaji ELEY au KYNOCH peke yake huelekeza nyuma zaidi, ingawa halithibitishi. Kwa ya Kimarekani, UMC (Union Metallic Cartridge) pekee ni ya kabla ya jina hilo kuunganishwa na Remington mwanzoni mwa miaka ya 1910. REM-UMC ni ya baada ya hapo. Na ukikuta 1901 kwenye ganda la Winchester, usiandike kwamba lilitengenezwa mwaka huo. Ni alama ya toleo, na ilipigwa kwa miaka mingi.

Pima kina cha ndani

Kipimo hiki wengi hukiruka, nacho kwa maoni yetu kina thamani kuliko mhuri. Ndani ya kitako, nyuma ya shaba, kuna kizibo cha utepe wa karatasi uliosokotwa na kushindiliwa. Ndicho kinachoibana karatasi ya ubavuni dhidi ya shaba. Ingiza kijiti cha mianzi hadi kiguse chini pembeni mwa tundu la fataki, tia alama ya penseli usawa wa mdomo, kitoe, pima. Toa kipimo hicho kwenye urefu wa nje wa ganda. Kinachobaki ni unene wa kitako.

Baruti nyeusi huchukua nafasi kubwa, kwa hiyo kizibo chake ni kifupi. Baruti zisizo na moshi zilianza na ya Schultze, Mprusi aliyeitengeneza kwa mbao katika miaka ya 1860, na za mwanzo zilipimwa kwa ujazo uleule wa baruti nyeusi. Zilizofuata zilikuwa nzito kwa ujazo mdogo, nafasi ikabaki tupu, na kizibo kikapandishwa kuijaza. Kitako kinene basi huelekeza kwenye baruti za baadaye. Lakini linganisha na urefu wa shaba ya nje kabla ya kuamua, kwa sababu risasi nzito za baruti mpya zilihitaji nafasi tena na zikarudishiwa kizibo kifupi.

Baruti mpya ilileta kasoro nyingine: moto wake uliila karatasi pale inapokutana na shaba. Angalia mstari huo kwa tochi, kutoka ndani. Ukiona vitundu vilivyoungua, hapo ganda lilikuwa karibu kukatika. Ganda likikatika, bomba la karatasi hubaki mtutuni, na risasi inayofuata huweza kupasua mtutu. Dawa ilikuwa bitana nyembamba ya chuma ndani ya kitako, au shaba ndefu zaidi nje. Sumaku ndogo itakuonyesha bitana: ikishika kwenye kitako kinachoonekana cha shaba, kuna chuma chini yake, iwe bitana au kitako chenyewe cha chuma kilichopakwa shaba.

Bomba na mdomo

Bomba ni karatasi iliyoviringwa mara kadhaa kwa gundi, kisha ikanyweshwa nta. Nta ndiyo iliyozuia kufura, na kufura ndiko kulikofanya risasi zikatae kuingia chemba siku za mvua. Ganda lisilo na nta ni kavu na lina vinyweleo. Lenye nta huteleza kidogo na kung'aa ukiliinamisha kwenye mwanga.

Urefu hupimwa ganda likiwa limepigwa na mdomo umefunguka. Milimita 65 ni kipimo cha kawaida cha Uingereza kwa geji 12, milimita 70 cha Marekani.

Mdomo wa zamani ulifungwa kwa kadi juu ya marisau, kisha ukingo wa karatasi ukakunjwa kwa ndani. Baada ya kupigwa hubaki mfuo mmoja wa mviringo milimita chache kutoka mwisho. Kadi hiyo ilikuwa ikiruka mbele na kuyatawanya marisau, hivyo katika miaka ya 1940 mkunjo wa nyota wa pembe sita au nane ukaenea. Wenyewe huacha mifuo ya wima mdomoni. Ukibahatika kukuta kadi, soma namba zake: kwa mfano 3, 1⅛, 6 ni nguvu sawa na dramu 3 za baruti nyeusi (gramu 5.3), aunsi 1⅛ za marisau (gramu 32), na marisau ya namba 6.

Kusafisha na kuhifadhi Pwani

Ukwaju, ndimu na majivu, vinavyong'arisha sinia na mabirika, viweke mbali kabisa. Asidi huitoa zinki kwenye shaba ya manjano ikabaki na wekundu wa shaba nyekundu, na maji yake hupanda kwenye karatasi ambako hutayatoa tena. Dawa za kung'arishia za dukani nyingi zina amonia, ambayo huipasua shaba iliyokunjwa kwa nguvu, na ukingo wa kitako ni shaba ya namna hiyo hasa. Mafuta ya nazi na ya taa hutia karatasi madoa ya daima.

Kinachofaa ni kikavu. Futa vumbi kwa brashi, ukishusha kutoka mdomoni kwenda kitakoni. Kutu ya kijani iondoe kwa ncha ya mianzi chini ya lenzi, chembe kwa chembe, na uache pale shaba yenyewe inapoanza kuonekana. Unga mweupe ndani ya ganda huenda ukawa risasi nyeusi iliyoliwa na mvuke wa asidi kutoka kwenye mbao za sanduku au kabati. Uchukulie kuwa ni sumu. Usiupulize, uufute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo ukiwa na barakoa, kisha hamisha maganda kutoka kwenye sanduku hilo.

Tumia boksi la plastiki ngumu lenye mpira kwenye kifuniko, na silika jeli, zile chembe za kunyonya unyevu, gramu 20 kwa kila lita ya boksi. Boksi la lita 5 lichukue gramu 100. Vipakiti vinavyokuja na viatu havitoshi. Lenga unyevu wa asilimia 45 hadi 55, uupime kwa kipimo kidogo cha unyevu kilichowekwa ndani ya boksi. Usiikaushe karatasi iliyofura kwa haraka: itanywea, itaachana na shaba, na bomba litatoka mkononi mwako kama kidole kutoka kwenye glavu. Weka robo ya silika wiki ya kwanza, nusu ya pili, yote ya tatu.

Funga kila ganda kwa karatasi isiyo na asidi, si gazeti. Andika maelezo kwenye kadi, si kwenye ganda: geji, urefu, urefu wa shaba, unene wa kitako, duara za fataki, mhuri, aina ya mkunjo, rangi, na mahali lilipopatikana. Hilo la mwisho halipimiki tena likipotea, kwa hiyo lisikose. Ganda lililofukuliwa ardhini ni habari ya makumbusho. Liache na udongo wake, wajulishe wahifadhi wa Makumbusho ya Taifa walioko Fort Jesus.

Kabati la vioo kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachozimwa usiku ni baya kuliko stoo yenye joto la kudumu, kwa kuwa kila asubuhi na jioni unyevu hupanda na kushuka. Fungua boksi miezi ya Januari na Februari, kaskazi ikiwa imekausha hewa. Masika yakianza liache limefungwa. Kabla ya masika, kausha silika kwenye oveni kwa nyuzi 110 hadi 120 kwa saa tatu, iache ipoe ndani ya chupa iliyofungwa, ndipo uirudishe.