Kukadiria idadi ya samaki kijitoni kwa kuvua na kuondoa

Ukiziba kipande cha kijito pande zote mbili, ukavua, ukawaweka pembeni samaki uliowapata bila kuwarudisha, kisha ukavua tena kwa namna ileile, mvuo wa pili utakuwa mdogo kuliko wa kwanza. Kasi ya kupungua huko ndiyo inayotuwezesha kukadiria ni wangapi waliobaki majini. Wazo hili halikuanzia kwa samaki: watafiti Leslie na Davis walilitumia kukadiria panya wa Freetown, Sierra Leone, katika makala yao ya mwaka 1939, na mtakwimu Zippin akaliwekea hesabu tunayoitumia hadi leo katika miaka ya 1950.

Hatua ya kwanza ni kibali. Juya la kokoro, yaani wavu wa kukokota kama huu tutakaovulia, limepigwa marufuku nchini Tanzania, na ofisa uvuvi atakayewakuta mnakokota wavu wa macho madogo hatajua kwamba ninyi ni watafiti mpaka aone karatasi.

Hatua ya pili ni kuziba, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Chagua kipande cha mita 50 hivi kisicho na kina kirefu. Tandika wavu wa upande wa chini, kisha wa upande wa juu, kabla mtu yeyote hajaingia katikati na kuwatimua samaki. Macho ya nyavu hizo yawe madogo kiasi kwamba samaki mdogo kabisa unayekusudia kumhesabu hawezi kupenya. Kamba ya chini, ile yenye vipande vya risasi vya kuizamisha, ndiyo msaliti mkuu. Wakati mmoja kamba hiyo ilipanda juu ya mzizi wa mkuyu ikaacha uwazi wa kupitisha kiganja, nasi hatukuugundua hadi mvuo wa tatu, msaidizi alipoukanyaga kwa bahati. Kazi ya asubuhi nzima ikawa ya kutupwa. Tangu siku ile naipapasa kamba yote kwa mikono na kuikandamiza kwa mawe, hata maji yakiwa ya baridi.

Hatua ya tatu ni kuvua, angalau mara tatu. Kila mvuo uwe na watu walewale, juya lilelile, mwelekeo uleule na idadi ileile ya mikokoto. Ukikokota mara nne katika mvuo wa kwanza na mara tatu katika wa pili kwa sababu watu wamechoka, upungufu utakaouona utakuwa wa nguvu za watu, si wa samaki. Pumzikeni kwa muda ulio sawa kati ya mvuo na mvuo ili tope litulie. Samaki wa kila mvuo wakae katika ndoo yao, kivulini, na maji yabadilishwe mara kwa mara. Wahesabu kwa aina, na wadogo uwatenge na wakubwa, kwa kuwa juya haliwanasi kwa urahisi ulio sawa.

Hatua ya nne ni hesabu. Tuseme umepata perege 62, kisha 31, kisha 14, jumla 107. Kwa mivuo miwili ya mwanzo tu, zidisha 62 kwa 62, kisha ugawanye kwa tofauti ya 62 na 31: 3,844 ÷ 31 = 124. Kwa mivuo mitatu, T iwe jumla, yaani 107, na X iwe mara mbili ya mvuo wa kwanza ukijumlisha wa pili, yaani 155. Kisha N, makadirio ya samaki wote waliokuwapo mwanzoni, ni:

N = [6X² − 3XT − T² + T√(T² + 6XT − 3X²)] ÷ [18(X − T)]

Sehemu ya juu inatoa takriban 104,045 na ya chini 864, hivyo N ni 120. Maana yake ni kwamba perege 13 hivi walibaki majini, na kwamba kila mvuo ulinasa karibu asilimia 52 ya waliokuwapo. Kosa sanifu la makadirio haya, yaani kipimo cha jinsi yanavyoweza kupotoka, ni kama 7; ukilichukua mara mbili kila upande, idadi halisi huenda iko kati ya 107 na 134. Chini ya 107 haiwezi kushuka, maana hao umewashika mkononi.

Tazama kigawanyo: X − T ni mvuo wa kwanza ukitoa wa tatu. Ukipata 20, 19 na 20, unagawanya kwa sifuri, na hakuna programu itakayokuokoa. Hapo kagua nyavu za kuziba, kisha uvue mara ya nne na ya tano. Hata mivuo ikipungua vizuri, samaki aliyekwepa mara ya kwanza mara nyingi huwa mgumu zaidi kunaswa mara ya pili, kwani amekwisha kujificha chini ya mizizi. Kwa sababu hiyo mimi huichukulia N kuwa iko chini kidogo ya ukweli, na katika ripoti huandika hivyo waziwazi.

Mwisho warudishe samaki, ondoa nyavu, na upime upana wa kijito mahali kadhaa. Kikiwa na wastani wa mita 4, eneo ni mita za mraba 200, na perege 120 ni sawa na 0.6 kwa kila mita ya mraba. Daftarini andika pia mivuo yenyewe, 62, 31 na 14, ili atakayekuja baadaye aweze kuirudia hesabu.