SOMO: Jina la bendi ni la nani? Lisajilini kabla hamjagombana

Wadau, nina stesheneri hapa Mwanjelwa na wanamuziki wengi wa Mbeya hupita kwangu kujaza fomu. Swali lao ni lile lile: tumetengana, nani anabaki na jina? Nimechoka kulijibu kwa simu. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamtumia uzi huu.

Msichanganye ofisi. BASATA, baraza la sanaa la taifa, inakutambua kama msanii. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni ya kazi zako, yaani nyimbo. Jina ni la BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, na huko nako kuna vitu viwili: jina la biashara, na alama ya biashara na huduma chini ya sheria ya mwaka 1986. Wengi wana hicho cha kwanza tu halafu wanashangaa kwa nini hakiwalindi. Hapa naongelea alama.

1. Tafuta kama jina lipo. Anza na mfumo wa BRELA mtandaoni, kisha YouTube, kisha waulize watangazaji wa redio.

2. Chagua jina lenye upekee. "Mbeya Jazz" au "Nyanda za Juu Band" litakusumbua, kwa sababu jina la mahali na neno la kawaida la muziki havifungiwi mtu mmoja.

3. Amueni mwombaji ni nani. Hapa ndipo makundi yanapokufa, kwa hiyo soma polepole. Kinachotokea ni hiki: mmoja ana namba ya NIDA, ana simu nzuri na anajua mtandao, basi mnamwambia "wewe jaza tu". Anajaza kwa jina lake. Cheti kikitoka, kwa mujibu wa daftari la msajili mwenye alama ni yeye, ninyi wengine ni wapiga vyombo vyake. Kuna kundi la Mafinga lilifika kwangu likiwa limezuiwa kutumia jina lake lenyewe namna hiyo hiyo, na aliyelisajili hakuwa hata mwizi, alitumwa. Kulirudisha kunawezekana, ila ni barua, ushahidi na wakili. Njia safi ni kuomba kwa jina la kampuni, au la ubia unaowataja wote. Kisha andikeni mkataba wa kurasa mbili: anayeondoka anaacha jina, anayefariki warithi wake wanapata nini, bendi ikivunjika jina linakwenda wapi. Wote wasaini, mbele ya shahidi. TAHADHARI: makubaliano ya mdomo kwenye mazoezi hayasaidii kitu mkianza kugombania pesa. TAHADHARI nyingine: meneja asiwe mwombaji, hata kama ndiye anayelipa ada.

4. Chagua daraja, yaani kundi la bidhaa au huduma ambalo alama yenu italilinda. Daraja la 41 ni huduma za burudani, hilo msilikose. La 9 ni rekodi, la 25 ni nguo, kama mnauza fulana na kofia. Kila daraja lina ombi lake na ada yake.

5. Lipa kwa namba ya malipo utakayopewa na mfumo. Ada zipo kwenye tovuti ya BRELA.

6. Ombi likikubaliwa hutangazwa kwenye jarida la msajili, na watu wana siku 60 za kupinga. Nanyi lisomeni, huenda wa kupinga ni ninyi.

7. Usajili wa kwanza ni miaka 7, baada ya hapo unahuisha kila miaka 10.

MASWALI

Mdau wa Kyela: Mkuu, shilingi ngapi?
Jibu: Hatua ya 5.

Mpiga solo: Jina nilitunga mimi, na bila mimi hakuna bendi. Iweje lisiwe langu?
Jibu: Kulitunga na kulimiliki ni vitu viwili. Bendi ya Uingereza iitwayo Saxon, wawili waliowahi kuwa wanachama walilisajili jina baada ya kutoka. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya huko ikaufuta usajili wao. Ilisema jina lilikuwa mali ya ubia, na hakuna mwanachama aliyekuwa na kipande chake cha kuondoka nacho. Ni hukumu ya huko, lakini sheria zetu nyingi za biashara zimetoka kwao.

Mpiga solo: Hao ni wazungu.
Jibu: Sawa. Nenda mahakamani na hoja hiyo.

Mnyalu wa Kihesa: Kamwene mkuu. Mtu akitoka, anaruhusiwa kujiita "zamani wa bendi fulani"?
Jibu: Kamwene. Swali zuri. Kueleza historia yako kwa ukweli ni kitu kimoja, kuuza tiketi kwa jina la wenzako ni kingine. Thomas McClary, mmoja wa waanzilishi wa Commodores wa Marekani, aliondoka mwaka 1984, miaka mingi baadaye akawa anapiga shoo zenye jina la Commodores. Mahakama ikamzuia, na rufaa yake ikagonga mwamba mwaka 2018. Kwa hiyo kwenye bango jina lako liwe kubwa, "zamani wa" iwe ndogo chini. Mliandike hilo kwenye mkataba wa hatua ya 3.

Mwalimu wa kwaya, Tukuyu: Sisi ni kwaya ya usharika. Nasi tuunde kampuni?
Jibu: Hapana mwalimu, ongeeni kwanza na kanisa. Makanisa mengi yana bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA, wakala wa serikali unaosajili wadhamini, na kwaya ikiwa idara ya usharika, bodi hiyo ndiyo ingefaa kuomba. Angalieni Msondo Ngoma: ilianza mwaka 1964 ikiwa NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kikibadilika na jina linabadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU. Jina lililobaki na wanamuziki ni lile la mtindo wao, msondo.

Mpenda dansi: Na Sikinde je?
Jibu: Hao ni bendi ya Mlimani Park, nao walipata ile "DDC" ya mbele walipochukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam (DDC) mwaka 1983. Mashabiki wakaendelea kusema Sikinde.

Dada wa Makambako: Nyongeza. Chaneli yetu ya YouTube ilifunguliwa kwa barua pepe ya mpiga dramu. Kaondoka nayo, na nyimbo zote ziko huko.
Jibu: Dada, hilo naliona sana. Fungueni barua pepe ya bendi, nenosiri wajue watu wawili, na namba ya simu ya kurejeshea isiwe ya mpiga dramu.

Mdau wa Kyela: Sasa hiyo ada kwa daraja moja ni shilingi ngapi?
Jibu: Hatua ya 5, mkuu.