Mbwa Anaposakamwa na Mfupa: Mambo ya Kufanya Kabla ya Kumfikisha kwa Daktari wa Mifugo

Mbwa wengi wa kwetu hulishwa makombo ya nyumbani: ugali uliochanganywa na dagaa, vichwa vya samaki, utumbo, na mifupa inayobaki baada ya watu kula. Kwa hiyo si ajabu, hasa siku za sikukuu, mbwa kusikika uani akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, na mwenyewe akitoka humkuta ameinamisha shingo, udenda unamtiririka, anajikwangua mdomo kwa miguu ya mbele. Ikiwa njia ya hewa imeziba kabisa, uhai wake umebaki wa dakika chache tu, na daktari wa mifugo hawezi kuwahi hata kama anaishi mtaa wa pili. Maelezo haya ni kwa ajili ya mtu atakayekuwa pale uani wakati huo.

Kabla mkono haujagusa mdomo wa mbwa, tazama kama hewa inapita. Mbwa anayekohoa kwa nguvu, anayebweka au kulia, bado anapumua, na kikohozi chake kina uwezo wa kukitoa kitu kuliko vidole vya mtu. Huyo mfungulie ukanda wa shingoni, mwache akohoe, mwangalie kwa karibu na uwaondoe watoto wanaopiga kelele. Mbwa anayehitaji mkono wako ni yule ambaye kikohozi kimekatika, anavuta hewa kwa mluzi mwembamba au bila sauti yoyote, macho yamemtoka, na fizi zake zimeacha uwekundu wake wa kawaida zikawa nyeupe au za rangi ya samawati. Wako mbwa wenye fizi nyeusi kwa asili. Kwa hao tazama ulimi.

Iko hali ya tatu ambayo watu huichanganya na hizo mbili, nayo ni mfupa uliokwama kwenye umio, yaani njia ya chakula. Mbwa huyo hupumua vizuri, lakini humeza mate kwa taabu, hunyoosha shingo na kutaka kutapika mara kwa mara. Sisi binadamu tukisakamwa na mwiba wa samaki tumezoea kumeza tonge la ugali au ndizi mbivu ili ushuke, na wengine humfanyia mbwa vivyo hivyo, au humnywesha mafuta. Tafadhali usifanye hivyo. Mfupa wenye ncha ukisukumwa unaweza kuutoboa umio, na mafuta yanaweza kuingia mapafuni. Apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo bila kulishwa wala kunyweshwa chochote.

Hapa lazima nizungumzie kichaa cha mbwa, kwa sababu kosa la hapa humuua mtu. Ugonjwa huo hupoozesha koo na taya, hata mbwa akaonekana kama aliyesakamwa na mfupa: mdomo wazi, udenda mwingi, hawezi kumeza, sauti imebadilika. Mtu mwema akitia mkono kutafuta mfupa ambao haupo, mate huingia kwenye michubuko ya vidole. Basi jiulize: je, nimemwona akila kitu sasa hivi, akapatwa ghafla? Amechanjwa? Tabia yake ilikuwa ya kawaida jana na juzi? Ikiwa ni mbwa wa mtaani usiyemjua, au hali ilianza polepole na mbwa alikuwa amebadilika, usitie mkono; mzuie mahali pamoja ikiwezekana bila kumgusa, na uwaite wataalamu wa mifugo. Aliyekwisha kung'atwa au kuguswa na mate kwenye kidonda aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile kwa ajili ya chanjo, kwa kuwa dalili za ugonjwa huo zikishaanza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

Ikiwa una hakika kwamba ni kusakamwa, fungua mdomo. Usimfunge mdomo kwa kamba kwa kuogopa meno, maana unamzibia hata hewa kidogo iliyobaki. Afadhali mtu wa pili amshike nyuma ya masikio. Mkono mmoja ushike taya la juu nyuma ya chonge, ukiikunja midomo yake juu ya meno ili akiuma ajiume mwenyewe kwanza, na mkono wa pili uteremshe taya la chini na kuuvuta ulimi mbele. Mulika kwa tochi ya simu. Kitu unachokiona na kukifikia, kitoe kwa vidole au kwa koleo dogo. Usichokiona usikitafute kwa kupapasa, kwani utakisukuma ndani zaidi. Tena kwenye shina la ulimi kuna vifupa vidogo vya mbwa mwenyewe, na mwenye haraka anaweza kuvivuta akidhani ndiyo mfupa wenyewe. Uzi wa mshipi wa samaki unaoning'inia usiuvute kamwe, kwa sababu mwisho wake huenda kuna ndoana.

Mbwa wangu jike aliwahi kunitisha hivi usiku mmoja. Alijikwangua mpaka pua ikatoka damu, nami nilikuwa tayari kumkaba tumbo kama nitakavyoeleza hapa chini. Kilichonizuia ni ulimi wake, ambao ulikuwa mwekundu kabisa. Nilipomulika niliona kipande cha ubavu wa mbuzi kimekaa kama boriti, kimeshikamana na kaakaa kati ya magego ya kulia na ya kushoto. Nilikitia mpini wa kijiko kwa nyuma nikakisukuma kuelekea mbele, kikadondoka sakafuni.

Kitu kisipoonekana na mbwa hapumui, tumia nguvu ya hewa iliyomo mapafuni mwake. Mbwa mdogo mshike mapaja ya nyuma, umwinue kichwa kikiwa chini kwa sekunde chache. Aliye mkubwa inua miguu ya nyuma tu, kama unavyoinua toroli. Mpige mara 5 katikati ya mabega kwa sehemu ya kiganja iliyo karibu na kifundo cha mkono. Akiwa bado hapumui, piga magoti nyuma yake, mkumbatie tumboni, weka ngumi kwenye chembe cha moyo, pale palipo laini mbavu zinapokomea, uifunike kwa mkono wa pili, kisha vuta kwa ghafla kuelekea mgongoni na mbele kichwani, mara 5. Kwa mbwa mdogo vidole viwili au vitatu vinatosha. Tazama mdomoni, kisha rudia. Usifanye mazoezi ya jambo hili kwa mbwa mzima, kwani nguvu hiyo inaweza kuvunja mbavu au kuumiza wengu.

Mpira ni shida ya pekee, kwa kuwa ukilowa mate huteleza vidoleni na huziba koo kama kizibo cha chupa. Mlaze chali, weka vidole gumba nje ya koo, chini ya taya, nyuma ya uvimbe wa mpira, kisha usukume kuelekea mdomoni huku mwenzako akiufungua mdomo.

Mbwa akizimia, mlaze ubavu, tazama tena mdomoni, na asipopumua anza kumbonyeza kifua. Miongozo ya RECOVER ya kufufua mbwa na paka, iliyotolewa 2012 na kuhuishwa 2024, inataka mibonyezo 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kikishuka kiasi cha theluthi hadi nusu ya upana wake na kuachwa kirudi juu kila mara. Kila baada ya mibonyezo 30 mfumbe mdomo kwa mkono na umpulizie puani mara 2 mpaka kifua kiinuke. Kisipoinuka, kitu bado kimo. Mpokezane na mwenzako kila dakika 2, kwa sababu mikono huchoka kabla ya moyo wako kukubali.

Hata kitu kikitoka na mbwa akasimama, mpeleke kwa daktari, ukiwa na kile kipande mfukoni ili aone kama kimetoka chote. Koo lililokwaruzwa linaweza kuvimba baadaye, na mapafu yaliyohangaika kuvuta hewa yanaweza kujaa maji saa kadhaa baada ya tukio. Usiku huo asifungwe mnyororo. Mwache alale karibu nawe, na uhesabu pumzi zake akiwa usingizini: mbwa mzima aliyelala hupumua chini ya mara 30 kwa dakika. Zikizidi hapo, au zikiambatana na kikohozi kipya, mrudishe kwa daktari hata kama jioni alikula na kutikisa mkia.