Kugawa subneti za klasta ya seva tatu

Klasta, yaani kundi la seva zinazofanya kazi kama moja, inaweza kujizima huku seva zake zote zikiwa nzima. Chanzo ni Corosync, programu inayoifanya kila seva ijue kwamba wenzake wapo. Ujumbe wake ni mdogo, lakini hauvumilii kuchelewa. Ukiupitisha kwenye kebo moja na nakala za diski, siku kebo ikijaa nodi (seva moja ya klasta) itadhani wenzake wamekufa. Kwenye Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, nodi yenye huduma za HA (zinazohamia nodi nyingine yake ikifa) ikikosa akidi, yaani kuona zaidi ya nusu ya nodi, hujiwasha upya baada ya kama sekunde 60. Kwa hiyo nikipewa seva tatu za kufunga, naanza na karatasi na kalamu, kebo baadaye.

Subneti ni kipande cha mtandao chenye anwani zake. Huwa natumia 10.20.10.0/24 kwa watumiaji na usimamizi, na 10.20.30.0/24 kwa diski. Corosync inapata subneti mbili: 10.20.20.8/29 na 10.20.21.8/29, kila moja kwenye swichi yake. Swichi ya bei nafuu ya gigabiti moja inatosha kabisa. Kinachotakiwa ni wepesi wa kujibu, chini ya milisekunde 5.

Kwa nini nianzie 8? Kwa sababu /29 hiyo inatoa anwani za .9 hadi .14, na mimi nataka seva zangu ziwe .11, .12 na .13 kwenye kila subneti. Saa nane za usiku, ukiona .12 popote kwenye logi, unajua ni seva ipi bila kufungua daftari. Nafasi za nodi nyingine tatu zinabaki.

Epuka 192.168.1.0/24, maana rauta nyingi za nyumbani zinaitumia na VPN itakusumbua ukifanya kazi kutoka nyumbani. Epuka pia 172.17.0.0/16: Docker, programu ya kuendesha makontena, huichukua yenyewe.

Geitiwei (njia ya kutoka nje ya subneti) iwe moja tu kwa kila seva, kwenye 10.20.10. Subneti za Corosync na diski usiziwekee. Hazina safari ya kwenda nje, na geitiwei mbili kwenye seva moja hufanya pakiti ziingie mlango huu na kutokea mwingine, kisha ngao ya mtandao inazitupa.

Kwenye seva ya kwanza, link0 na link1 zikiwa njia mbili za Corosync:

pvecm create klasta --link0 10.20.20.11 --link1 10.20.21.11

Kwenye ya pili, na ya tatu vivyo hivyo kwa .13:

pvecm add 10.20.10.11 --link0 10.20.20.12 --link1 10.20.21.12

Andika anwani zenyewe, si majina. DNS ikilala, klasta isilale nayo. Bandari za UDP 5405 hadi 5412 ziwe wazi kati ya nodi.

Ukiweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 9000 kwenye subneti ya diski, iweke kwenye swichi pia, kisha hakikisha:

ping -M do -s 8972 10.20.30.12

Sasa jaribu kwa ukatili, kabla mtumiaji hata mmoja hajaingia. Hamisha diski kubwa kati ya seva mbili na, wakati inaendelea, chomoa kebo ya link0. Amri ya corosync-cfgtool -s ionyeshe kiungo hicho kimekatika na link1 kikiendelea. Amri ya pvecm status iseme bado kuna akidi. Rudisha kebo, chomoa ya pili. Kisha zima seva nzima kwa kuchomoa umeme, usubiri mashine pepe zake za HA ziwake kwenye nodi nyingine. Zisipowaka, usikabidhi kazi.